Kuripoti mali iliyopotea ni ngao kwa mwananchi

Mkazi wa Nairobi anapoporwa simu, mara nyingi huelekea dukani kutafuta nyingine badala ya kufika katika kituo cha polisi. Wengi huripoti tu wanapopoteza kitambulisho cha kitaifa, kwa kuwa wanaoomba kingine hutakiwa kuwasilisha hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu huo.

Mazoea haya ni hatari. Kitambulisho kilichoibwa chaweza kutumiwa na matapeli kusajili laini ya simu na kuwalaghai watu. Wapelelezi wakifuatilia laini hiyo, jina litakalojitokeza kwanza ni la mwenye kitambulisho. Ikiwa aliripoti mapema, nambari ya OB aliyopewa kutoka kitabu cha matukio itaonyesha kwamba kitambulisho kilikuwa kimetoka mikononi mwake. Asiporipoti, atabaki na maneno matupu ya kujitetea.

Mbona basi raia wakwepe vituo? Sababu mojawapo ni hofu ya kuitishwa "kitu kidogo" ili wahudumiwe, ilhali huduma hiyo ni ya bure. Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi kuzuia ufisadi na kudumisha uwazi na uwajibikaji. Anayeitishwa hongo ana haki ya kulalamika kwa IPOA, mamlaka ya kuchunguza mienendo ya polisi iliyobuniwa kwa sheria ya 2011.

Sababu nyingine ni kukata tamaa kwamba mali haitapatikana. Hata hivyo, waathiriwa wengine huripoti bila maelezo ya kutosha. Kila simu ina nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo huonekana mtu anapobonyeza *#06#. Asiyeihifadhi mapema huwapa wapelelezi kazi ngumu.

Wizi usioripotiwa huwaumiza hata wasioibiwa. Mtaa ambao visa vyake havijanakiliwa huonekana kuwa na amani, na huenda doria zikaelekezwa kwingine huku waporaji wakiendelea kuvizia wapita njia.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwananchi ana jukumu la kuripoti na kudai nambari ya OB. Lakini wajibu mkubwa ni wa polisi: raia akiondoka kituoni akihisi ameporwa mara ya pili, hatarudi tena.