USIMSINGIZIE SHETANI

Leo sitawabembeleza.

Juzi WhatsApp ya mshirika wetu mmoja ilitekwa. Mwizi akaingia kwenye grupu ya akina mama, akaandika kwa jina lake kwamba yuko hospitali, akopeshwe, atarudisha kesho. Mama mjane akatuma pesa ya karo ya mtoto wake. Ikaenda hivyo. Jumapili nikaombwa tukemee pepo la wizi wa mitandaoni.

Sikukemea. Niliuliza tu: mwizi aliingiaje? Kumbe alimpigia dada yetu simu, akajifanya mtu wa grupu, akaomba ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa SMS. Akasomewa! Ndugu yangu, hilo si pepo. Huko ni kumfungulia mwizi mlango na kumpikia chai. Samsoni hakushindwa na wingi wa Wafilisti. Alianguka siku alipomfunulia Delila siri yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Kuna anayesema, "Mchungaji, nimefunikwa kwa damu ya Yesu, paswadi ya nini?" Basi mbona nyumba yako ina kufuli? Nehemia alipotishwa na maadui hakuchagua kati ya maombi na walinzi. Alifanya yote mawili.

Mwingine anasema, "Sina cha kuficha." Simu hiyo si yako peke yako! Mle ndani kuna namba zetu, na maombi ambayo watu wamekuandikia wakilia usiku. Ukiiacha wazi, umetuacha sisi sote wazi.

Na hiyo Yesu123 yako, au Zaburi23, haijawa takatifu kwa sababu imetaja Yesu. Mwizi anajua wewe ni mtu wa kanisa, hiyo ataijaribu mapema. Na PIN ya M-Pesa kuwa mwaka wako wa kuzaliwa? Umeandikwa kwenye kitambulisho!

Fanya haya leo:

1. Tunga paswadi ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana: sufuria, twiga, kibiriti, Jumanne. Usitumie haya yangu, tunga yako.

2. Kila akaunti na paswadi yake. Anza na barua pepe, maana anayeishika hiyo anaweza kubadilisha paswadi za akaunti nyingine.

3. Kwenye WhatsApp, ingia mipangilio ya akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

4. Ukisahau haraka, tumia programu ya kutunza paswadi, au ziandike kwenye daftari ulifungie nyumbani. Usizitume kwa mtu.

5. Namba ya siri ya SMS usimsomee yeyote. Hata akisema ni mimi mchungaji wako. Hasa akisema ni mimi!

Na yule mjane, tusimwachie mzigo peke yake. Jumapili tutachanga karo.

Usiandike Amina hapa chini kama hujabadilisha. Nenda ubadilishe kwanza, halafu urudi useme Amina.