Kabla ya kununua kiti kingine, lala

Leo naziweka kando seva na programu nizungumzie mgongo. Ingia katika ofisi yoyote ya watengenezaji programu hapa Nairobi, hutakosa mtu anayelalamikia kiuno, na wenzake wote watampa dawa moja: nunua kiti kipya. Mimi naona tunatafuta hitilafu katika faili isiyohusika.

Tatizo lenyewe si dogo. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Na kwa takriban watu tisa kati ya kumi, daktari hapati mfupa uliovunjika wala ugonjwa fulani wa kuulaumu. Kwa lugha yetu, programu inakwama lakini hakuna ujumbe wa kosa.

Sasa fikirini ratiba zetu. Wengi tuna wateja California. Saa tatu ya asubuhi kwao ni saa moja ya jioni kwetu, na saa zao zikirudishwa nyuma msimu wa baridi inakuwa saa mbili usiku. Mteja akiitisha mkutano saa kumi ya alasiri yake, wewe uko kwenye saa nane au tisa za usiku, umejikunja kitandani na tarakilishi juu ya mapaja. Asubuhi kuna matatu, kuna foleni, kuna meneja anayetaka kukuona saa mbili unusu. Umelala saa nne, kama umebahatika.

Tumezoea kusema kwamba mgongo ukiuma, usingizi hukatika. Ni kweli, kila aliyewahi kugeuka-geuka usiku kucha akitafuta ubavu usiouma analijua hilo. Lakini mwaka 2013 watafiti Finan, Goodin na Smith walipitia tafiti zilizofuatilia watu kwa muda, wakaona kwamba njia ya pili ina nguvu zaidi: usingizi mbaya hutabiri maumivu yajayo vizuri kuliko maumivu yanavyotabiri usingizi mbaya. Kwa hiyo ni mzunguko, kila upande ukiuita mwingine, ila mlango mkubwa wa kuingilia ni usingizi.

Kwa nini? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwakesha watu wazima wenye afya, kisha wakawapa joto la kuumiza mguuni huku wakipiga picha za ubongo. Baada ya kukesha, sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mwili ilichangamka zaidi, na sehemu zinazosaidia kupima na kupunguza maumivu zikazubaa. Joto ni lile lile, mguu ni ule ule, lakini mtu anaumia mapema zaidi. Yaani kipaza sauti kimeongezwa na kichujio kimezimwa. Hakuna kiti kinachofikia mpangilio huo.

Tena kuna jambo la kimwili kabisa. Visahani vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa mchana na kupoteza maji, halafu ukilala huyanyonya tena. Ndiyo maana asubuhi wewe ni mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi au zaidi. (Jipimeni ukutani kama hamniamini.)

Nimewahi kufanya kazi katika kampuni moja, siitaji, iliyonunua viti vya bei ya kutisha baada ya wafanyakazi kulalamika. Vilikuwa viti vizuri sana. Lakini kila toleo jipya la programu liliendelea kupandishwa usiku wa manane, na aliyekesha alipigiwa makofi kwenye mkutano wa asubuhi. Watu waliendelea kushika viuno, sasa wakiwa wamekalia ngozi laini.

Sisemi usingizi ni dawa ya yote. Matibabu ya kubadili mawazo na mazoea kwa wenye kukosa usingizi husaidia sana kulala, lakini nafuu ya maumivu huwa ndogo zaidi. Kutembea na kufanya mazoezi bado ni lazima. Na mgongo unaouma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, au homa, huo ni wa kukimbizwa hospitalini leo, si wa kulaliwa.

Godoro je? Wazee wetu walitufundisha kulala pagumu. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2003 uliwagawia watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu magodoro magumu au ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wenye ugumu wa wastani walikuwa na nafuu zaidi. Basi lile sponji lililobonyea katikati litoeni, lakini msihamie sakafuni.

Wenye kampuni, ombi langu kwenu ni la bei rahisi kuliko viti: mfanyakazi aliyekuwa na mteja hadi saa tisa usiku aruhusiwe kuanza kazi saa sita mchana, bila kuuliza ruhusa kwa meneja kila wiki. Liandikwe kwenye mkataba.