Mirungi Si Majani Tu

Wanafunzi wapenzi, na wazazi mnaosoma nasi nyumbani,

Kila ikitajwa mirungi darasani, hakosi kijana wa kunyoosha mkono: "Ustadh, hayo si majani tu? Si pombe, na Kenya yanauzwa sokoni." Swali hilo linastahili jibu, si fimbo.

Majani ni majani, sawa. Lakini ndani ya jani bichi mna kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini. Ikifika kwenye ubongo huusukuma kumwaga dopamini, kemikali ya raha na hamu. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, njaa na usingizi vinakimbia. Jani likikauka nguvu hiyo hupungua, ndiyo maana vifungu husafirishwa mbio mbio, vimeviringishwa kwenye majani ya mgomba. Anayekesha akitafuna, usingizi humjia wakati wenzake wanakwenda kuswali Alfajiri.

Kenya ni kweli, tangu 2016 sheria inaitambua miraa kama zao. Uingereza nayo iliiruhusu miaka mingi, ikaipiga marufuku 2014. Kwetu Tanzania ni dawa ya kulevya, nayo sheria ya 2015 haichagui: kulima, kubeba, kuuza, kutafuna, yote ni makosa. Aliyekamatwa Same hajitetei kwa sheria ya Nairobi.

Wanazuoni walilijadili zamani. Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, karne ya 16, aliliandikia risala. Hakulitamka haramu moja kwa moja, ila alishauri liepukwe. Mimi naona madhara yake, pamoja na sheria ya nchi, yanatutosha.

Kigumu ni shamba. Huko juu milimani zipo familia zilizosomesha watoto kwa mirungi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda ikateketeza mashamba. Naunga mkono, lakini kumwachia mzee shamba tupu si uadilifu. Kahawa huvunwa kwa msimu, mirungi huchumwa mwaka mzima. Tangawizi inastawi Mamba Miamba, ila inataka barabara inayopitika masika na mnunuzi wa kweli.

Mmoja wenu aliniuliza faraghani kama ada yake, iliyotokana na mirungi, ni halali. Nilimwambia aendelee kusoma, nami nitapanda kuzungumza na baba yake. Nimeshakwenda. Mzee alinikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza bei ya tangawizi.