Jiko la "kila nishati" lipimwe kwa kila nishati: barua ya wazi kwa TBS

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: LEBO YA MOSHI KWENYE MAJIKO YA NYUMBANI

Somo tajwa hapo juu lahusika. Ninaandika kutoka Mafinga, wilayani Mufindi, mahali ambapo cha kutia motoni hakikosekani. Tumezungukwa na mipaina ya Sao Hill, viwanda vya mbao vinatoa mabanzi na maranda kila siku, mkaa wa miwati unatufikia kutoka upande wa Njombe, na mahindi yakishapukuchuliwa kila nyumba inabaki na lundo la magunzi. Hapa mtu hatafuti jiko la nishati moja. Anatafuta jiko litakalopokea chochote kilichopo siku hiyo: leo mabanzi, kesho mkaa, mshahara ukichelewa maranda ya bure. Wafanyabiashara wameliona hilo, na soko sasa limejaa majiko yanayonadiwa kuwa ni ya kila nishati. Ombi langu ni kwamba jiko linalouzwa kwa sifa hiyo lipimwe moshi wake kwa kila nishati ambayo muuzaji anaitaja, na majibu yabandikwe kwenye jiko lenyewe, kwa Kiswahili.

Najua utaniuliza kwa nini nahangaika na kuni wakati Serikali inatupeleka kwenye gesi na umeme. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama. Mimi nimo katika walioufurahia, na mtungi wa kilo 6 uko jikoni kwangu. Lakini muulize mama yeyote mwenye mtungi kama huo anachemshia nini maharage. Gesi ni ya chai ya asubuhi na mboga ya haraka. Maharage na makande yanarudi kwenye mkaa au kuni. (Mwenye umeme namshauri presha kuka: kilo moja ya maharage iliyolowekwa inaiva kwa chini ya uniti moja, na kwa mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hakuna mkaa utakaoshindana na hapo. Ila umeme uwepo.) Tena, mkakati ukifanikiwa kwa asilimia mia moja ya malengo yake, asilimia 20 watakuwa bado hawajahama. Kwa hesabu ya Sensa ya 2022 hao ni zaidi ya watu milioni 12. Wataendelea kununua majiko.

Niruhusu nieleze kidogo kwa nini majibu ya nishati moja hayatoshi. Ninafundisha fizikia, na hili huwa tunalifanyia kazi darasani.

Ukuni ukipata joto, sehemu kubwa ya uzito wake hugeuka gesi na mvuke wa lami. Gesi hizo zikikuta joto kali, hewa ya kutosha na nafasi ya mwali kurefuka, zinaungua zote. Zikikosa kimojawapo, zinaponyoka zikiwa bado mbichi, na huo ndio moshi unaotutoa machozi. Sufuria ya maji baridi ikikaa chini mno inaukata mwali kabla haujamaliza kazi, na chini ya sufuria unapata masizi ya kukwangua kwa kisu. Kwa hiyo jiko zuri la kuni lina kimo ndani, kuni zinaingizwa kwa ubavuni vipande vyembamba vichache vichache, na mengine yana matundu ya pili karibu na mdomo yanayopuliza hewa ya moto juu ya mwali.

Mkaa unataka kinyume chake. Gesi zake zilishaishia kwenye tanuri huko porini, kwa hiyo hauna mwali mrefu; unapika kwa wekundu wake. Unatakiwa ukae kwenye chekeche, karibu na sufuria, hewa ikitokea chini. Uweke kwenye jiko refu la kuni, utawaka huko shimoni na maji hayatachemka. Chukua kuni uzisokomeze kwenye jiko fupi la mkaa, zitafukuta tu. Maranda nayo yana tabia yake: unayashindilia kuzunguka chupa, unaichomoa chupa, moto unapanda kwenye tundu lililobaki katikati. Yakiwa makavu na yameshindiliwa vizuri yanapika saa nyingi bila kuguswa. Yakiwa yametoka kiwandani jana, na mti wenyewe ni mpaina wenye utomvu, majirani wanajua kwamba leo kwa mwalimu kunapikwa.

Fundi anayeyaingiza haya yote matatu kwenye chungu kimoja lazima apunje mahali. Wengine wameweka chekeche ya kupandisha na kushusha, wengine mlango wa hewa wa kufunga nusu, wengine feni ndogo ya betri. Ni ubunifu, na simlaumu mtu kwa kubuni. Ninachokataa ni mnunuzi kutoambiwa ni nishati ipi iliyopunjwa.

Nilikwenda sokoni kumtafutia mama mkwe jiko. Kijana muuzaji alinionyesha moja la bati lililopakwa rangi ya fedha, udongo mwekundu ndani, mlango wa kuni chini, chekeche ya chuma inayochomoka, na waya wa feni umening'inia pembeni.

"Hili mwalimu linakula kila kitu," akasema. "Kuni, mkaa, maranda, magunzi."

"Moshi je?"

"Hili la kisasa. Halina moshi."

Nikaligeuza juu chini, nikatazama kitako, ubavu, hata boksi lake. Kulikuwa na picha ya jani la kijani, na maneno ya Kiingereza yanayosema linatunza mazingira. Nilipomwomba aliwashe, akachukua vijiti vikavu vyembamba kama penseli alivyokuwa amevitunza kwenye ndoo yenye mfuniko. Kweli, likawaka bila moshi. Nikamwomba aweke banzi lililokuwa limelala nje kwenye umande. Akacheka, akasema hilo litaharibu jiko.

Jibu lake lilikuwa la kweli kuliko boksi.

Hapohapo kwenye duka la jirani kulikuwa na saruji. Mfuko umeandikwa 32.5 au 42.5, na fundi yeyote wa Mafinga, hata aliyeishia darasa la saba, anajua upi ni wa lipu na upi ni wa nguzo. Namba hiyo tumeizoea kwa sababu kuna chombo kinachohakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Jiko linaingia ndani ya nyumba, linapuliziwa na mtu aliyebeba mtoto mgongoni, na halina hata namba moja.

Vipimo vyenyewe si vya kubuni upya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19867-1 cha mwaka 2018 kinaeleza jinsi ya kulipima jiko maabara kwa moto mkubwa, wa kati na mdogo: linafikisha joto kiasi gani kwenye sufuria, linatoa chembechembe kiasi gani, linatoa kaboni monoksaidi kiasi gani. Matokeo huweza kupangwa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 5. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka malengo mwaka 2014: jiko lisilo na bomba la kutolea moshi nje lisizidi miligramu 0.23 za chembechembe laini kwa dakika na gramu 0.16 za kaboni monoksaidi. Lenye bomba, miligramu 0.80 na gramu 0.59. Mlaji hahitaji kuzikariri namba hizi. Anahitaji daraja, kwa herufi kubwa, na ajue daraja hilo limepatikana kwa kuchoma nini.

Na daraja la kuokoa mkaa lisimeze daraja la hewa. Majiko mengi tunayouziwa husifiwa kwa kupunguza matumizi ya mkaa, na mengi yanapunguza kweli. Lakini jiko linaweza kukuokolea nusu ya kopo na bado likatoa kaboni monoksaidi ya kutosha kuua watu waliolala. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na mkaa ukishashika hauna moshi wa kukushtua. Juni na Julai huku kwetu baridi haina mzaha. Watu wanaliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Onyo la kutolala na jiko la mkaa ndani linastahili kuchongwa kwenye bati lenyewe, kwa sababu boksi hutupwa siku ya kwanza.

Wenzetu Waingereza walifikia hatua ya namna hii kwa uchungu. Baada ya ukungu wa moshi ulioifunika London Desemba 1952, walitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956, na mpaka leo katika maeneo yanayodhibitiwa moshi jiko la kuni linaruhusiwa likiwa kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kinachonivutia ni kwamba orodha hiyo inataja jiko pamoja na nishati yake. Jiko moja linaweza kuidhinishwa kwa kuni kavu na lisiidhinishwe kwa kingine, hata kama kinawaka humo vizuri. Tangu 2021, huko England kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo sharti unyevu wake usizidi asilimia 20. Sisemi tufike huko kesho. Kwetu kuni nyingi hazipiti dukani, na hakuna askari atakayepima unyevu wa mzigo ulio kichwani mwa bibi. Lakini sehemu ya kwanza, ya jiko kutajwa pamoja na nishati yake, haihitaji askari.

Lebo pekee pia ina mipaka. Ng'ambo ya Kyela, wilayani Karonga nchini Malawi, na kusini zaidi huko Chikwawa, watafiti waligawa majiko ya kuni yenye feni kwa maelfu ya familia, wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet: nimonia haikupungua. Ajali za kuungua zilipungua, na hilo si dogo, lakini mapafu hayakupata nafuu iliyotarajiwa. Jiko lililofanya vizuri maabara lilikutana na feni zinazoharibika, mafiga yanayoendelea kuwaka pembeni na moshi wa takataka za jirani. Kwa hiyo ninaposema lipimwe, nina maana pia kwamba baadhi ya majiko yachukuliwe yakiwa yameshatumika mwaka mzima kwenye nyumba za watu, yapimwe tena kwa kuni zao zenyewe, na jiko linaloanguka vibaya livuliwe lebo yake. Feni ya spea ipatikane wilayani, la sivyo jiko lipimwe feni ikiwa imezimwa na daraja hilo ndilo liandikwe.

Kuna jambo jingine linaloenda sambamba na hili: mkaa mbadala. Kwenye rafu moja unakuta uliotengenezwa kwa vumbi la mkaa wa miti au vifuu vya nazi, na ulio na makaa ya mawe. Vyote vinaitwa jina moja na vyote vinaonekana vidonge vyeusi. Shirika la Afya Duniani linashauri makaa ya mawe yasiyosafishwa yasitumike kabisa nyumbani. Watengenezaji wa hapa nchini wanasema ya kwao yamesafishwa, na sina sababu ya kuwapinga. Ninataka kuona kwenye mfuko malighafi ni nini, imesafishwa vipi, na inapochomwa ndani ya jiko la kawaida inatoa nini. Mnunuzi wa jiko la kila nishati ndiye mnunuzi wa mfuko huo.

Hofu yangu kubwa ni kwamba utaratibu huu unaweza kuwaua mafundi bati wetu na kuacha soko kwa wenye makontena. Fundi wa Mafinga anayetengeneza majiko kwa mapipa chakavu hawezi kulipia vipimo vya maabara kwa kila umbo. Basi SIDO, shirika la viwanda vidogo, iwakusanye mafundi wanaotengeneza umbo moja, wapime sampuli moja kwa pamoja, vipimo vya udongo na bati viandikwe, na kila atakayevifuata atumie lebo hiyo. CAMARTEC kule Arusha wana uzoefu wa teknolojia za vijijini; washirikishwe. Na REA, wakala wa nishati vijijini wanaouza majiko banifu kwa ruzuku, waambiwe kwamba fedha ya umma haitanunua jiko ambalo halina majibu ya moshi kwa nishati inayochomwa kwenye mkoa linakopelekwa. Jiko lililopimwa kwa mkaa lisipelekwe kwa watu wa mabanzi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, lebo ninayoiomba inaingia kwenye kiganja: mistari ya kuni, mkaa, mkaa mbadala na maranda, na mbele ya kila mstari daraja la chembechembe na la kaboni monoksaidi. Pale ambapo mtengenezaji hakupima, paandikwe "halijapimwa", na muuzaji asiruhusiwe kutaja nishati hiyo. Anza na majiko yanayonunuliwa kwa ruzuku ya Serikali, kwa kuwa hayo tayari yanapitia mikononi mwa REA, kisha yafuate yanayoingia bandarini. Mama mkwe bado hajanunua jiko; anasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia,
Mafinga, Iringa.