Bavuma Siyo Kapteni wa Viti Maalum, Staa Wetu Kaa Pembeni Kidogo

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, nina hasira.

Kuna staa mmoja wa hapa Bongo, jina kapuni, yule anayevaa miwani ya jua hadi saa nne usiku. Wiki iliyopita kaweka picha ya Temba Bavuma, kapteni wa Afrika Kusini kwenye kriketi ya Test, akiwa ameshika lile rungu la ubingwa wa dunia. Chini kaandika maneno manne tu: "Kapteni wa viti maalum." Na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Watu wakalaiki. Wengine wakaongezea eti mfupi, eti kabebwa kwa sababu ni mweusi.

Kwanza wabunge wa viti maalum wamekukosea nini? Lakini hilo tuliache.

Mimi niko Lamadi, pale njia panda ya kwenda Bariadi. Nauza vocha na kuchaji simu za watu. Mabasi ya Mwanza na Musoma yanapita mbele yangu kutwa nzima, na katikati ya abiria na wauza samaki, naangalia Test kwenye simu. Najua mnavyotucheka. Siku tano, watu wamevaa nyeupe, wanasimama kula mchana, wanasimama kunywa chai, halafu wakati mwingine inaisha sare. Sawa. Lakini ukiuelewa mchezo huu hauna pa kujificha. Mpira wa miguu unaweza kubahatisha goli moja dakika ya 90 ukaondoka shujaa. Kwenye Test lazima upige mara mbili na urushe mara mbili, na asiyejua atajulikana tu. Ndiyo maana neno "kubebwa" limeniuma. Huku unabebwa vipi siku zote tano?

Bavuma katokea Langa, mtaa wa watu weusi Cape Town. Januari 2016 alipiga mikimbio 102 bila kutolewa dhidi ya Uingereza, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kufikisha mia kwenye Test akiwa na jezi ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo chama chao kikatangaza malengo: kwa wastani wa msimu, timu iwe na wachezaji sita wasio wazungu, wawili kati yao angalau wawe Waafrika weusi. Basi tangu hapo kila akitoka mapema, eti ni nafasi ya rangi. Mzungu akitoka mapema, eti kakutana na mpira mzuri.

Nitakuwa mkweli, maana sitaki kuwa shabiki wa kufumba macho. Baada ya ile mia ya 2016 alikaa hadi Machi 2023 ndipo akapata ya pili, 172 dhidi ya West Indies. Miaka saba. Aliyekuwa anauliza maswali kipindi kile hakuwa na kosa, hata mimi niliuliza. Lakini kuuliza ni tofauti na kuendelea kucheka baada ya kujibiwa.

Na jibu lilikuja Juni 2025 uwanja wa Lord's, London. Fainali ya Test, Australia upande wa pili. Afrika Kusini wanatafuta 282 kushinda. Bavuma bado hajapiga vingi, msuli wa nyuma ya paja ukamshika. Wakati wa chai wakajadiliana kama aendelee au akae. Akarudi. Alikuwa anakimbia kwa kuchechemea, mimi hapa kibandani nimeacha hadi kurudisha chenji ya watu, kila mkimbio namhesabia. Akafika 66. Yeye na Aiden Markram, aliyepiga 136, wakajenga 147 pamoja, mechi ikaisha kwa wiketi tano mkononi. Afrika Kusini walikuwa hawajachukua kombe la dunia la aina yoyote la kriketi ya wakubwa ya wanaume tangu lile shindano la 1998 kule Bangladesh. Novemba 2025 kaenda India, ambako nchi yake haikuwa imeshinda mfululizo wa Test tangu 2000, akashinda zote mbili. Huyo ndiye wa viti maalum?

Ukitaka kuona kubebwa kwenye mchezo huu, usiangalie mtu. Angalia nchi.

Test inachezwa na mataifa 12 tu duniani. Afrika nzima ni mawili, Afrika Kusini na Zimbabwe. Huchezi kwa sababu una timu nzuri, unacheza kwa sababu wakubwa wa mchezo wamekaa wakakukubali. Majirani zetu Kenya waliwapiga West Indies kwa mikimbio 73 Kombe la Dunia la 1996. Mwaka 2003 wakawapiga Sri Lanka palepale Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi tano, wakaenda mpaka nusu fainali. Kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya wakapata pointi za mezani, hiyo ipo. Lakini Bangladesh walipigwa uwanjani kwenye mashindano hayohayo. Sasa Bangladesh walishapewa Test tangu 2000, na ushindi wao wa kwanza ulikuja Januari 2005, kwenye Test yao ya 35. Siwachukii Bangladesh, walipewa muda wakakua. Kenya wao walipewa pongezi.

Mtaniambia Kenya walijiua wenyewe. Ndiyo, kwa sehemu. Ugomvi wa viongozi, wachezaji kugomea malipo, Maurice Odumbe kufungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa uhusiano na mtu wa kamari. Mwaka 2014 hata hadhi ya mechi za siku moja ikapotea. Ila mtoto ukimnyima chakula halafu ukamwambia mbona humalizi shule, na wewe una sehemu yako.

Waganda nao. Novemba 2023 kule Windhoek waliwapiga Zimbabwe, taifa la Test kabisa, wakaenda Kombe la Dunia la T20 la 2024. Huko Frank Nsubuga, baba wa miaka 43, karusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio minne tu na wiketi mbili. Umri wa wajomba zetu wanaolalamika magoti! Ni kweli West Indies wakawatoa Uganda kwa 39 na New Zealand kwa 40. Lakini mechi kubwa hujifunzi kwa kuzisoma kwenye simu.

Narudi nyumbani, na hapa staa ndipo nakutaka. Usiniletee ile ya "mchezo wa Wahindi". Timu ya East Africa iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza, 1975, ilijaa vijana wenye asili ya Asia waliozaliwa na kukulia huku kwetu, hao ni wetu kama wewe. Mwaka 2026 vijana wetu wa chini ya miaka 19 wamecheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Zimbabwe na Namibia. Wiki ile wewe ulikuwa unaposti sahani ya pweza.

Shida ya hapa ni kwamba kriketi yetu macho yake yako Dar. Gymkhana, Annadil Burhani, Chuo Kikuu. Njoo huku usukumani uone mtoto anayechunga. Ng'ombe katoroka kuelekea shamba la mtu, dogo anaokota jiwe, linatua kwenye pembe kutoka mbali mpaka unaogopa. Mkono ule nani kauona? Dogo mmoja wa mtaani kwetu alijifunza kriketi shule ya bweni, akasikia kuna majaribio mjini. Kupiga simu kaambiwa nauli yako, malazi yako, na ukichelewa asubuhi hupokelewi. Mama yake anauza dagaa. Hakwenda, na kwenye karatasi yao itaonekana tu hakuwa na nia.

Juzi kaja kuchaji simu, kakuta narudia ile fainali ya Lord's. Katazama Bavuma anavyochechemea, kimya, kama ova mbili nzima. Halafu kaniuliza, "Kaka, huyu alimwona nani mpaka akaanza kuchaguliwa?" Sikuwa na la kumwambia.

Staa, wewe una namba za wakubwa wote, hata za wadhamini. Njoo umjibu. Kibanda kipo hapohapo njia panda, uliza mtu yeyote anayechaji simu.