ULINZI NI SOMO LA WOTE
Maoni juu ya desturi ya kubadili walimu wa timu

Katika lugha yetu, yule anayeifunza timu ya kandanda huitwa mwalimu. Wachezaji wa klabu kubwa humwita hivyo, na vijana wa timu ya kijiji humwita hivyo hivyo. Jina hili si la heshima tupu. Ikiwa yeye ni mwalimu, basi kiwanja ni darasa, mazoezi ni kipindi, na mchezo wa Jumamosi ni mtihani. Kwa hiyo siku timu inapomwondoa mwalimu wake na kumweka mwingine, jambo hilo latuhusu sisi tulio katika kazi ya ualimu, pengine kuliko linavyowahusu mashabiki. Katika makala haya napenda kueleza jinsi mwalimu mmoja wa ulinzi alivyoondolewa katika timu ya chuo, na somo ambalo mimi mwenyewe nililipata kwa kuchelewa.

Chuo chenyewe sitakitaja. Timu yake ilikuwa na walimu wawili: mwalimu mkuu wa timu, na msaidizi wake aliyekabidhiwa walinzi pamoja na mlinda mlango. Katika michezo minne tulifungwa mabao tisa. Kamati ya Michezo ikakutana jioni, na kikao hakikuchukua hata nusu saa. Mjumbe mmoja alisema kwamba mabao hupita kwenye ulinzi, na ulinzi una mwenyewe. Wengine tukatikisa vichwa kukubali. Nami nilikuwa mjumbe, na wakati wa kupiga kura nilinyosha mkono. Mwenzetu akashukuriwa kwa kazi yake, akarudisha filimbi na jezi za mazoezi, akaenda zake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza alikuwa akifundisha nini, wala aliwafundisha nani, wala kwa muda gani.

Mrithi wake alikuwa kijana mwenye bidii na sauti kubwa. Mchezo wa kwanza hatukufungwa, tukapongezana. Katika michezo miwili iliyofuata tulifungwa mabao matano. Ndipo nilipofanya jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla ya kunyosha mkono: nilichukua karatasi, nikaketi na nahodha pamoja na mlinda mlango, tukayakumbuka yale mabao tisa ya mwanzo, moja baada ya jingine, kila bao na mahali lilipoanzia.

Hesabu ilikuwa hivi. Mabao matano yalianzia katikati ya uwanja: mpira ulipotea miguuni mwa viungo wetu, na washambuliaji wakasimama mikono kiunoni wakitazama adui akikimbilia lango letu. Mabao mawili yalitokana na kona, ambapo mtu aliyepangiwa kumkaba mfungaji hakurudi nyuma, naye hakuwa mlinzi bali winga. Bao moja lilikuwa la penalti. Bao moja tu ndilo lililotokana na kosa la wazi la walinzi wenyewe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nasi tulipofungwa tulimsingizia mtu mmoja.

Baadaye nilimwomba mwenzetu yule aniazime daftari lake. Alinipa bila neno. Humo niliona andalio la kila siku, limepangwa kwa shabaha na hatua, kama tunavyowataka wanachuo wetu wapange masomo yao. Somo la viungo kurudi nyuma mpira unapopotea lilikuwa limeandikwa mara tatu, na mara zote tatu pembeni yake palikuwa na maneno mawili: muda umekwisha. Kumbe yeye alikuwa akipewa dakika za mwisho, jua likizama, baada ya mazoezi ya kupiga mashuti. Waliobaki naye walikuwa walinzi wanne na mlinda mlango. Wengine walikwisha kwenda kuoga. Somo lake lilikuwa sahihi, lakini wanafunzi waliolihitaji hawakuwamo darasani.

Iko michezo ambayo ndani yake lawama ya namna hii ingekuwa na msingi zaidi. Katika mpira wa Kimarekani, kwa kawaida kundi moja la wachezaji huingia uwanjani kushambulia, na kundi jingine kabisa huingia kulinda. Timu za vyuo vyao huwa na mwalimu maalumu wa ulinzi, mwenye wachezaji wake na muda wake wa mazoezi. Kazi yake yaweza kupimwa kwa kiasi fulani peke yake. Lakini kandanda yetu haikujengwa hivyo. Watu kumi na mmoja walioshambulia sasa hivi ndio hao hao watakaolinda kitambo kidogo baadaye. Mshambuliaji wa kati anayemsumbua beki wa adui asipate nafasi ya kutoa mpira ndiye mlinzi wa kwanza wa timu yake. Kumpa mtu mmoja ulinzi, kumnyima wachezaji sita kati ya kumi na mmoja, kisha kumwajibisha kwa matokeo ya wote, ni dhuluma.

Je, basi mwalimu asibadilishwe kamwe? Sisemi hivyo, na historia ya hapa kwetu hainiruhusu kusema hivyo. Klabu ya Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2021/2022, ilianza chini ya Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyewahi kuifundisha Taifa Stars. Matokeo ya mwanzo hayakuridhisha, na nafasi yake ikachukuliwa na Fred Felix Minziro. Timu ikamaliza ligi ikiwa ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Anayetaka kutetea mabadiliko ana mfano huo mkononi. Lakini asiufunge ukurasa hapo. Msimu wa 2023/2024 Geita Gold ilishuka daraja, ingawa katikati walikuwa wamepita walimu wengine. Stand United ya Shinyanga ilikuwa imeshuka mwaka 2019, na Mwadui mwaka 2021. Kubadili mwalimu ni dawa ambayo huponya wengine na huwaacha wengine walivyo; na dawa haitolewi kabla ya ugonjwa kujulikana.

Katika msimu ule mzuri wa Geita, George Mpole alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi. Jina lake lilienea nchi nzima, naye alistahili. Lakini ni wangapi leo wanaoweza kuwataja walinzi wa timu ile? Mabao yaliyofungwa huhesabiwa. Mabao yaliyozuiwa hayana daftari. Kazi ya ulinzi huonekana siku inaposhindwa tu.

Ndugu mwanachuo, hapa ndipo kandanda inapoingia darasani mwako. Mwalimu wa Darasa la Kwanza ni mlinzi. Mtoto aliyefundishwa vema kusoma, kuandika na kuhesabu hupanda ngazi bila mtu kuuliza ni nani aliyeziba ufa ule wa mwanzo. Sifa hupewa mwalimu wa darasa la mtihani, kama zinavyopewa mfungaji. Na matokeo yakiwa mabaya, shule nyingi hufanya kama ilivyofanya kamati yetu: mwalimu wa darasa la mtihani huondolewa, huwekwa mwingine, na wazazi hutulizwa. Hakuna anayeketi kuuliza bao lilianzia wapi. Huenda lilianzia Darasa la Pili, watoto walipokaa muda mrefu bila mwalimu. Huenda lilianzia Darasa la Nne, palipokuwa na kitabu kimoja kwa watoto wengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo mara nyingi huambiwa aujenge mtu asiyehusika na ufa.

Katika eneo letu jambo hili lina uzito wa pekee. Baadhi yenu mtapangiwa shule za vijiji vya machimbo, kutoka Kahama hadi Geita. Huko familia hufuata dhahabu. Mtoto huingia shule katikati ya mwaka akitoka machimbo mengine, na pengine huhama tena kabla ya mwaka kwisha. Mtoto wa namna hiyo amekwisha kubadilishiwa mengi: nyumba, marafiki na majirani. Tukiongeza kumbadilishia mwalimu kila tunapopata matokeo mabaya, bila uchunguzi na bila makabidhiano, tunamwondolea kitu kimoja cha kudumu alichokuwa nacho. Ndiyo maana nasema swali hili si la mpira peke yake.

Katika shule nyingi za msingi mwalimu mgeni, hasa akiwa kijana, hukabidhiwa timu mapema, na msimu wa UMITASHUMTA hautamsubiri azoee. Utakapokabidhiwa timu, au darasa lililoachwa na mwenzako, nakushauri ufuate mambo manne.

Kwanza, usome kabla ya kuhukumu. Kila kosa lifuatwe hadi lilipoanzia, kama unavyoifuata hesabu ya mtoto hatua kwa hatua mpaka upate mstari alipopotea. Jibu lisilo sahihi huonekana chini ya ukurasa, lakini kosa lenyewe aghalabu liko juu.

Pili, udai makabidhiano. Omba azimio la kazi, kumbukumbu za masomo yaliyofundishwa, na mazungumzo ya ana kwa ana na yule unayempokea. Usione haya kumwuliza mtu aliyeondolewa. Yeye ndiye ajuaye ni mtoto gani huogopa mpira wa kichwa, na ni yupi haoni ubao akiketi nyuma.

Tatu, ulinzi uwafundishe wote. Wala usiseme kwamba huna vifaa. Arrigo Sacchi, aliyeifundisha AC Milan ilipotwaa Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya mwaka 1989 na 1990, aliwazoeza wachezaji wake kucheza bila mpira kabisa: aliwaambia mpira uko wapi, nao timu nzima wakasogea pamoja, mbele, nyuma na kando, wakilinda nafasi zilizo kati yao. Mtu huyo hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Zoezi hilo lafaa mno katika shule yenye mpira mmoja na watoto wengi. Chora uwanja kwa majivu, simama katikati, onyesha kidole upande mpira ulipo, na watoto wote wasogee. Wakishaelewa, wape mpira wa matambara wa chandimu. Hutahitaji hata senti moja, na hakuna mtoto atakayekaa nje akitazama.

Nne, umpe mwalimu muda na wanafunzi kabla ya kumdai matokeo. Akipewa vyote viwili, kazi yake ikapimwa kwa haki, na bado akashindwa kwa uvivu au kwa kutojua, basi abadilishwe bila kuoneana haya. Mtoto hawezi kungoja miaka mwalimu azinduke. Lakini mabadiliko hayo yawe tunda la uchunguzi, yasiwe mahali pa kukimbilia ili kuuepuka.

Watauliza baadhi yenu timu yetu iliishia wapi. Kamati ilikubali mwishowe kwamba mara moja kila juma mazoezi yaanze na ulinzi, wachezaji wote wakiwapo na jua likiwa bado juu. Mabao ya kufungwa yalipungua, ingawa kombe hatukulipata. Mwalimu wetu wa zamani aliombwa arudi, akakataa kwa upole. Alikuwa amekwisha kuchukua timu ya watoto wa shule ya mazoezi, naye hakutaka kuwaacha katikati ya muhula. Nilikwenda kumtazama jioni moja. Mshambuliaji wake, mtoto mdogo kuliko wote, alipopoteza mpira hakusimama kuutazama. Aligeuka papo hapo akakimbia kurudi nyuma, na wenzake wote wakarudi pamoja naye.

Nilimrudishia daftari lake siku hiyo, na nikamwomba radhi kwa mkono ule niliounyosha.