Mvumbika Changa Hula Mbovu

Ewe msomaji, nataka leo uwe wakili wa mwembe, kwa maana mwembe hauna kinywa cha kujitetea. Mlaji akiuma embe chachu lililotoka Ngao, kando ya Mto Tana, huulaumu mti ulikotoka. Mimi nasema mti hauna hatia. Hatia ni ya mkono uliochuma.

Watu wengi hudhani kuwa utamu wa embe hutoka katika aina yake tu. Neno hili ni nusu ya kweli. Naam, ngowe ndefu, yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, ina nyuzi chache kuliko dodo. Walakini aina ni ahadi tu. Mtimiza ahadi ni wakati.

Lugha yetu inalijua jambo hili, ikatupa maneno matatu: changa, pevu na bivu. Embe likiwa mtini hujiwekea akiba ya wanga. Likichumwa pevu, wanga ule hugeuka sukari, nalo huiva vyema hata kikapuni. Likichumwa changa, akiba haitoshi: ngozi hunyauka na nyama hubaki chachu. Livumbike utakavyo, litie dawa ya kuivisha upendavyo; utabadili rangi ya ngozi, lakini utamu usiowekwa hautolewi.

Wala usidanganywe na wekundu wa embe la apple. Wekundu ule ni kazi ya jua, si ushahidi wa upevu. Tazama mabega ya tunda: yakijaa na kuinuka kupita kikonyo, limepevuka. Ukiwa na shaka, pasua moja; nyama iliyo karibu na kokwa huanza kuwa manjano.

Yamkini utanijibu: "Mnunuzi amefika leo, na karo ya Januari haingoji." Jibu lako ni zito, nami siicheki dhiki ya mtu. Lakini pima hesabu. Maembe ya mti mmoja hayapevuki siku moja. Auzaye mti mzima kwa mkupuo huuza mapevu kwa bei ya machanga, na machanga humfukuza mlaji asirudi tena. Achumaye kwa awamu huuza mapevu leo, na yaliyobaki humwekea akiba ya wiki ijayo. Na majirani wakikubaliana kutouza changa, mnunuzi atamwendea nani?

Huenda kitabu unachokishika kimenunuliwa kwa maembe. Basi elimu yako iulipe mwembe deni lake. Siku mnunuzi atakapokuja, simama karibu na mzazi wako kwa adabu, upasue embe moja mbele ya wote, na kokwa litoe ushahidi. Atakayeona nyama nyeupe akachuma bado, asiulaumu mti wala udongo. Wahenga walikwisha kumwonya.